Lori Kuukuu Likigoma Kuwaka Alfajiri: Fuata Njia ya Umeme Kabla ya Kununua Stata

Mwezi wa Julai, saa kumi alfajiri, Mwika, huku mlimani Kilimanjaro, huwa na baridi ya kuuma vidole. Canter langu lilikuwa limeshapakiwa mikungu ya ndizi, akina mama wawili wenye mzigo wamekaa kabini, utingo ameshaondoa mawe kwenye matairi. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikarudia. Tik. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, lakini injini kimya. Ndizi zile zilishushwa na kupakiwa kwenye gari la jirani, mimi nikabaki natazama.

Siku mbili baadaye nikanunua stata ya mtumba, yaani mota inayoizungusha injini mpaka iwake, kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya ada ya mtoto. Gari likawaka siku tisa. Siku ya kumi, tik ileile. Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme pale Pasua, Moshi. Hakushika spana. Alichomeka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye mwili wa stata, akaniambia, "Mangi, piga stata." Nikapiga. Mita ikasoma volti 14.

"Hizo zote zinapotea njiani kabla ya kurudi kwenye betri," akasema. "Stata uliyoitupa ilikuwa nzima."

Waya wa athi, ule mnene unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye injini ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri, ulikuwa umefungwa kwenye bolti moja na stata, na chini ya kichwa cha bolti kulikuwa na kutu, rangi na mafuta. Tulipobadilisha stata tuliikwangua kutu kidogo bila kujua, ndiyo maana gari likawaka zile siku tisa. Msasa wa shilingi chache ukamaliza kazi. Tangu siku hiyo sinunui kifaa chochote cha umeme kabla ya kupima njia yote inayokwenda kwake na inayorudi, na hapa naandika kila hatua kama nilivyofundishwa na kama ninavyofanya mwenyewe, ili dereva au tajiri mwingine asilipie stata ambayo haikuwa na kosa.

Ninaloliongelea ni lori la dizeli la zamani, lile ambalo bado linaendeshwa na waya, fyuzi na rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), si kompyuta. Mengi ya haya hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana: chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine. Kama lako ni la volti 12, gawa kwa mbili tarakimu zangu za volti 24.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya dijitali, hata ya bei ndogo. Haidromita ya betri, ile ya kupima uzito wa tindikali, kama betri zako ni za maji. Brashi ya waya, msasa, spana za kawaida, grisi. Na testa ya balbu: chukua balbu ya breki ya volti 24 yenye wati 21, iunganishie waya mbili ndefu, mmoja mwisho wake weka klipu, mwingine weka msumari mwembamba.

Testa hii usiidharau kwa sababu umeshanunua mita. Waya uliooza ndani ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 24 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti karibu chochote. Balbu inavuta karibu ampea moja. Ukiigusisha kwenye waya huo itawaka kwa unyonge au isiwake kabisa. Nimeona mafundi wawili wakibishana nusu siku, mmoja anasema umeme upo, mwingine anasema haupo, na wote walikuwa sahihi: volti zilikuwapo, ila nguvu ya kupita haikuwapo.

Kabla ya kugusa lolote, weka gia huru, vuta breki ya mkono, zuia matairi kwa mawe. Vua pete na saa ya chuma, kwa sababu pete ikigusa chanya na fremu kwa pamoja inakuwa nyekundu kidoleni kabla hujavuta mkono. Usiwashe sigara wala kiberiti karibu na betri. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka. Unapofungua betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi.

Sikiliza kwanza

Washa taa kubwa za mbele, mwambie utingo asimame mbele ya gari, kisha zungusha ufunguo. Mtu wa mbele anatazama taa, wewe unasikiliza.

Kama hakuna kitu kabisa, hata taa za dashibodi, tatizo liko kwenye temino za betri, fyuzi kuu au swichi ya kukata umeme wote kama gari lako linayo. Usiwaze stata.

Kama taa zinabaki kali na hakuna sauti hata ya tik, umeme mdogo wa kuiamuru stata haufiki. Hiyo ni kazi ya swichi ya ufunguo, rilei na waya mwembamba.

Tik moja nzito, taa zikafifia kidogo tu: amri imefika, lakini umeme mkubwa haupiti. Hapa ndipo nilipokuwa mimi.

Tik-tik-tik-tik za haraka kama mashine ya kushonea, taa zikizimika kila inapogonga: betri imeishiwa au temino imelegea. Stata inavuta, volti zinaanguka, solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inaachia, volti zinapanda, inavuta tena.

Injini inazunguka kivivu: betri chovu, waya zenye ukinzani, yaani zinazozuia umeme kupita, au stata iliyolika bushi (pete zinazoshika mhimili) mpaka mhimili wake unakwaruza ndani. Stata inalia kwa kasi kama feni lakini injini haizunguki: bendeksi (gia ndogo ya stata) haishiki, au meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini) yamelika mahali pamoja. Kama ni meno, weka gia ya juu, sukuma gari kidogo ili flaiwili igeuke, rudisha gia huru, ujaribu tena. Likiwaka, umeshajua kitakachofuata: giaboksi itashushwa.

Na kama injini inazunguka kwa nguvu zake zote ila haiwaki, umeme wa stata uko sawa. Ruka uende kwenye sehemu ya plagi za kupasha na dizeli.

Betri mbili, pima moja moja

Kosa ninaloliona kila wiki ni kupima jozi nzima, mita inasoma 24.6, mtu anasema betri ni nzima. Pima moja moja. Unaweza kukuta moja ina 12.7 na mwenzake ana 11.9, na huyo wa pili ndiye anayewazuia wote wawili, maana umeme wa stata lazima upite ndani ya zote.

Acha gari lipumzike saa kadhaa baada ya kuzimwa, au washa taa kubwa dakika mbili kisha zizime usubiri kidogo, ili chaji ya juujuu isikudanganye. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 ichaji kwanza kabla ya kuihukumu. Betri tupu haipimiki. Itakuonyesha udhaifu hata kama ni mpya.

Sasa pima ikiwa kazini. Ncha za mita kwenye nguzo za risasi zenyewe, si kwenye temino zilizozifunga, utingo apige stata sekunde chache. Betri nzima iliyojaa haishuki chini ya volti 9.6. Ikianguka mpaka 8 au 7 wakati mwenzake anabaki 10.5, umeshampata mgonjwa.

Kwa betri za maji, haidromita inasema zaidi. Seli, yaani kila chumba kidogo cha betri, ikijaa inasoma karibu 1.265 hadi 1.280. Kama seli tano zinasoma 1.250 na moja inasoma 1.150, betri hiyo imekufa seli moja, na hakuna chaji itakayoirudisha. Tofauti ya 0.050 kati ya seli na seli inatosha kuikataa.

Maji yakipungua ongeza maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa kabla ya kumimina, kwa sababu tindikali nayo huuzwa kwenye chupa inayofanana. Kinachopotea kwa joto na kwa kuchajiwa ni maji, tindikali hubaki. Ukiongeza tindikali kila mara, inazila sahani za risasi zilizo ndani. Maji ya bomba usitumie, na maji ya huku kwetu chini ya Kilimanjaro na Meru ndiyo kabisa usitumie, kwa jinsi yalivyojaa floridi na chumvi nyingine.

Kuna jambo moja linaloua betri za malori hapa kwetu kuliko baridi na vumbi, nalo ni redio. Redio ya gari dogo ni ya volti 12. Fundi anavuta waya kutoka betri moja kati ya mbili, muziki unalia, kila mtu anafurahi. Tangu hapo betri ile inatumika kuliko mwenzake, lakini otaneta (jenereta ya gari) inazichaji zote mbili kwa kiasi kimoja. Moja haijai kamwe, nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Baada ya miezi michache umeshanunua betri, na ukinunua moja tu, mpya inaungwa na chovu na mchezo unaanza upya. Funga konveta ya kushusha 24 kuwa 12, na betri zibadilishwe zote mbili pamoja, aina moja, ukubwa mmoja.

Njia ya umeme mkubwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Stata ya lori huvuta mamia ya ampea. Chukua ampea 300 na ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, kiasi ambacho mita yako haiwezi hata kukisoma vizuri. Zidisha: volti 3 zimepotea. Ukiwa na sehemu tatu za namna hiyo, kwenye temino, kwenye fremu na kwenye injini, stata inapata volti 15 badala ya 24. Ndiyo maana kupima ukinzani wa waya mnene ukiwa umelala hakusaidii. Lazima uupime ukiwa unafanya kazi, na unachopima ni volti zinazoangukia njiani.

Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya ya betri ya mwisho, ile inayotuma waya kwenye stata. Ncha nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata inapofikia waya huo. Kabla ya kupiga stata mita itasoma sifuri au karibu yake, nawe usishangae, umegusa ncha mbili za waya mmoja. Sasa utingo apige. Kinachosomeka wakati stata inavuta ndicho kinachopotea kwenye waya na viungio vyake. Nusu volti naikubali. Ikizidi volti moja, tafuta kiungo kibovu kwa kusogeza ncha hatua kwa hatua: nguzo ya risasi hadi temino, temino hadi mwanzo wa waya, waya hadi mwisho wake.

Kisha rudia upande wa athi, upande ambao watu husahau. Ncha moja kwenye hasi ya betri ile inayofungwa kwenye fremu, nyingine kwenye chuma kitupu cha mwili wa stata, kisha piga. Nusu volti tena. Ikiwa ni zaidi, sogea: hasi ya betri hadi fremu, fremu hadi injini, injini hadi stata. Injini na kabini hukalia mipira, kwa hiyo hazigusani na fremu isipokuwa kwa ule waya mnene au mkanda wa shaba uliosukwa. Ukikatika, umeme wa stata hutafuta njia nyingine: kebo ya akselereta, bomba la chuma, waya wa breki ya mkono. Ukiona kebo ya akselereta imekuwa ya moto au imeungua plastiki yake baada ya kupiga stata mara kadhaa, usitafute mbali, athi ya injini imekwisha.

Na waya unaounga betri mbili usiuache. Ni mfupi, umejificha, na unabeba umeme uleule.

Ukikuta kiungo kibovu, kukikaza tu hakutoshi. Kifungue. Ukoko mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi, mifuniko ya betri ikiwa imefungwa ili maji hayo yasiingie ndani. Sugua nguzo na temino mpaka zing'ae, kwangua rangi kwenye fremu mpaka chuma kitupu kionekane ukubwa wa sarafu, funga, ndipo upake grisi juu. Grisi ni ya kuzuia maji baada ya kufunga, haiwekwi katikati kama ugali.

Angalia pia temino zenyewe. Zile za bati jembamba zinazouzwa kila kona hupasuka zikikazwa mara tatu. Na waya uliokatika ukafungwa kwa kusokota na kuzungushiwa tepu haufai kubeba stata, hata ukiwa umesokotwa na mkono wa nani.

Njia ya umeme mdogo

Kama haikusikika tik, klipu ya testa ifunge kwenye chuma cha injini, msumari uguse temino ndogo ya solenoidi ya stata, ufunguo ukizungushwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, amri inafika na kosa liko ndani ya solenoidi. Isipowaka, rudi nyuma: rilei ya stata, fyuzi, swichi ya ufunguo. Swichi za zamani hulika shaba ndani. Utaona gari linawaka ukiutikisa ufunguo. Ikiwa balbu inawaka kwa unyonge, kuna waya uliooza, na mara nyingi ni pale kabini inapolala na kuinuka, kwa sababu waya hukunjwa mahali palepale kila fundi anapotaka kuiona injini.

Wapo wanaochukua bisibisi ndefu na kuunga bolti kubwa na temino ndogo ya stata wakiwa wamelala chini ya gari. Kipimo hicho kinafanya kazi, lakini gari likiwa kwenye gia linaruka juu ya mtu aliye chini yake. Ukilazimika kufanya hivyo, gia huru uihakikishe kwa mkono wako mwenyewe, siyo kwa kuuliza, na matairi yawe na mawe mbele na nyuma.

Stata yenyewe

Sasa, na sasa tu, ndipo unaishtaki stata. Betri nzima, njia ya chanya safi, athi safi, amri inafika, na bado ni tik. Gonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku utingo amezungusha ufunguo. Ikizunguka, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha au zimekwama kwenye nyumba zake. Itakufikisha nyumbani, kesho ipeleke. Pima pia volti kati ya bolti kubwa mbili za solenoidi wakati wa kupiga: zikibaki karibu 24 hali tik imesikika, vipande vya shaba vya ndani vimeungua. Vipande hivyo, kaboni na bushi vyote hubadilishwa kimoja kimoja. Mwambie fundi akuonyeshe kilichokufa kabla hajakwambia ununue nzima.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi hadi kumi na tano mfululizo. Ipumzishe dakika moja. Koili huungua kwa joto, na harufu yake ukiisikia umechelewa.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki

Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Arusha mjini, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani kama Marangu na Mwika, asubuhi za Juni na Julai chuma cha injini hunyonya joto lile lote. Ndipo plagi za kupasha, au hita kwenye njia ya hewa kwa injini nyingine, zinapohitajika.

Tazama bomba la moshi wakati wa kupiga. Moshi mweupe mzito ni dizeli inayoingia bila kuwaka: angalia plagi. Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki. Ili kupima plagi, ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, kila moja ipime ukinzani hadi kwenye injini. Nzima ina omu chache tu. Ikisoma kama waya uliokatika, imekufa. Kabla ya kununua, gusa kwa testa hicho kipande kinacholeta umeme huku ufunguo ukiwa kwenye kupasha. Mara nyingi plagi ni nzima na rilei yake ndiyo iliyokufa.

Dizeli isipofika, sikiliza kwanza solenoidi ya kuzimia injini iliyo kwenye pampu ya dizeli, kama gari lako linayo: ufunguo ukifunguliwa igonge mara moja. Isipogonga, pima umeme wake. Ikigonga, toa hewa kwa pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu. Ile spirei ya kuwashia usiipulize kwenye injini yenye plagi zilizopashwa. Hulipuka ndani ya njia ya hewa.

Chaji

Gari limewaka. Pima betri zote mbili kwa pamoja, injini ikiwa juu kidogo ya mzunguko wa kawaida. Unataka 27.6 hadi 28.8. Ukisoma 25 na inazidi kushuka, otaneta haichaji. Ukisoma zaidi ya 29.5, regyuleta (kidhibiti cha volti) imekufa na betri zinachemshwa. Harufu ya mayai yaliyooza ndiyo dalili, pamoja na balbu zinazoungua ovyo.

Isipochaji, anza na mkanda. Ukiubonyeza kwa dole gumba usibonyee kupita kiasi, na uso wake usiwe unang'aa kama kioo. Kisha tazama taa ya betri kwenye dashibodi. Ufunguo ukifunguliwa lazima iwake, injini ikiwaka izimike. Otaneta nyingi za zamani hupata umeme wa kuanzia kupitia balbu hiyo. Balbu ikiungua, otaneta nzima huweza kukaa bila kuchaji, nawe ukaambiwa ununue nyingine. Balbu ndogo kama punje ya hindi!

Sasa jambo ambalo wenye Canter na Isuzu za dizeli wanapaswa kulijua. Kwenye injini nyingi za aina hizo, pampu ya vakyumu ya breki, ile inayonyonya hewa ili breki ziwe nyepesi kukanyaga, imefungwa nyuma ya otaneta, kwenye mhimili mmoja, na hupakwa mafuta ya injini. Sili yake ikichoka, mafuta huvujia ndani ya otaneta, kaboni zinalowa, chaji inakufa. Kubadilisha kaboni bila sili ni kazi ya mwezi mmoja. Lakini kubwa zaidi: mkanda ukikatika, pamoja na chaji unapoteza nguvu ya breki. Kuteremka kutoka Mwika kwenda Himo na mzigo bila vakyumu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Usikubali kushauriwa "endesha tu, betri itakufikisha." Simama, funga mkanda.

Tabia nyingine ya kuacha ni kuchomoa temino ya betri injini ikiwaka ili kuona kama otaneta inachaji. Betri ndiyo inayomeza miruko ya umeme. Ukiitoa ghafla volti hupaa na kuua daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na regyuleta, kwa hiyo unaweza kuiua otaneta iliyokuwa nzima kwa kipimo hichohicho. Vivyo hivyo, mchomeleaji akija kuunga bodi, fungua hasi ya betri na waya wa otaneta kwanza.

Umeme unaoliwa usiku

Betri nzima, chaji nzuri, asubuhi hakuna kitu. Fungua hasi, weka mita kwenye ampea 10, iunge kati ya nguzo ya hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Lori la zamani lisizidi ampea 0.05. Likisoma 0.8, chomoa fyuzi moja moja mpaka isome chini. Usizungushe ufunguo mita ikiwa hapo, utaiunguza. Ikiwa fyuzi zote zimetoka na umeme bado unaliwa, fungua waya mnene wa otaneta: daiodi iliyokufa huvuta usiku kucha. Mengine ni honi ya ziada, taa za mapambo, kifaa cha kufuatilia gari na kile kiwaya cha kuchajia simu ambacho kila deiwaka (dereva wa muda) anaongeza cha kwake.

Na taa za nyuma zikileta mambo ya ajabu, ukiwasha indiketa breki nazo zinapepesa, au taa ndogo zinafifia ukikanyaga breki, hiyo ni athi ya taa za nyuma, si kingine. Umeme unakosa njia ya kurudi, unarudi kupitia balbu za jirani. Safisha bolti ya athi kwenye bodi kabla trafiki hajakusimamisha.

Mteremko na betri ya jirani

Huku mlimani wengi tunaegesha gari likielekea bondeni ili asubuhi liserereke, uachie klachi kwenye gia ya pili. Nami nimefanya. Fahamu tu kwamba mpaka injini iwake, usukani wa pawa ni mzito na vakyumu ya breki ni ile iliyobaki tangu jana, kama imebaki. Usifanye hivyo na mzigo, wala mahali penye watu au kona mbele.

Ukiazima umeme, lori la 24 liazime kwa lori la 24. Pikapu ya volti 12 haitakusaidia na unaweza kuiharibu. Chanya kwa chanya, hasi ya gari zima, kisha ncha ya mwisho ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa kuwa pale ndipo cheche itakaporuka.

Ndani ya dashibodi nina daftari la shule lenye safu chache: tarehe, betri ya kwanza, betri ya pili, zikiwa kazini, chaji, athi. Kila mwezi najaza. Jumamosi iliyopita niliandika: 12.6, 12.6, kazini 10.4 na 10.1, chaji 28.2, athi 0.3. Betri ya pili mwezi uliopita ilisoma 10.3 kazini, na mwezi wa kabla yake 10.5, basi nimeshaanza kutenga fedha ya betri zote mbili kabla Julai nyingine haijafika.